Binti yangu hapatani na wenzake, na nyanya yake anataka abaki ushago

Mwalimu, salamu kutoka Umoja.

Nina watoto wawili. Mkubwa ni msichana wa miaka saba na nusu, yuko Gredi ya Pili. Mdogo ni mvulana ambaye hajatimiza miaka mitatu. Anayeninyima usingizi ni msichana.

Darasani hana tatizo. Kusoma anasoma, hesabu anaziweza, na Kiingereza chake kinawashangaza hata wageni. Lakini ukimweka na watoto wenzake, hazipiti dakika kumi kabla ya kelele. Mwalimu wake aliniambia kwamba wakipewa kazi ya kikundi anataka kuifanya yote peke yake, na sasa wengine wanakataa kuwekwa naye.

Zamani tulikaa Kayole kwenye ploti yenye watoto wengi, ila nilikuwa simwachi atoke kwa sababu ya mitaro na bodaboda. Mwaka jana tulihamia fleti, orofa ya nne, kuna lango na bawabu. Kwenye ngazi kumebandikwa karatasi kwamba watoto hawaruhusiwi kuchezea hapo, kwa hivyo huchezea juu kabisa tunakoanika nguo.

Jumamosi moja nilikuwa naanika nikajionea mwenyewe. Walikuwa wanacheza kati, wawili wakirusha mpira na wengine wakikwepa katikati. Mpira ni wake, babake alimnunulia. Ukamgonga begani. Akasema haujamgonga. Wakamwambia umekugonga, toka. Akasema bega halihesabiwi, kinachohesabiwa ni mguu. Wakacheka. Msichana mmoja aliyemzidi umri kidogo akamwambia, "We toka tu, utaingia raundi ijayo." Binti yangu akakwapua mpira wake, akashuka nao. Mchezo ukaishia hapo. Mimi nilipanda tena kuwakemea wale watoto, na jioni nikabisha mlango wa mama wa yule msichana mkubwa nikamwambia asimwonee mwanangu. Tangu siku hiyo wakimwona anakuja wanatawanyika.

Nyumbani kwangu hagombani na mtu. Dada anayenisaidia kazi humfanyia kila kitu. Akiita tu "Auntie, maji," maji yanafika. Sheng nimemkataza, maana tunalipa karo ili azungumze vizuri.

Sasa, Desemba tulienda kwao mume wangu, Kakamega. Watoto wa ndugu zake wanakula ugali kwenye sahani moja kubwa; wangu akataka sahani yake. Wenzake wanateka maji, wanaosha vyombo, mvulana wa miaka kumi anatembea na mtoto mgongoni; wangu kila mara anakuja kusemelea: huyu amenisukuma, yule amenicheka. Siku ya tatu mama mkwe akasema mbele ya watu wote, "Huyu mtoto hajui watu." Akapendekeza tumwachie mwaka mmoja, asome hapo karibu. Mume wangu anaona ni sawa, anasema yeye mwenyewe alilelewa hapo na hana kasoro. Nilirudi naye Nairobi, lakini wanataka nimpeleke muhula ujao.

Mwenzangu kazini ananiambia huenda ni usonji, ile hali inayoitwa autism kwa Kiingereza. Na huyu mdogo pia ananitia wasiwasi, kwa sababu akiwa na wenzake anakaa kando yao na vitu vyake, hachezi nao. Je, nimewaharibu? Nimpeleke?

Mama K., Umoja

*

Mama K., salamu nimezipokea.

Usimpeleke kwa mwaka mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu muhula haungoji. Sababu nitakupa nikimaliza mengine.

Kuhusu usonji, mtoto uliyenieleza anawataka watu. Anabishana nao kuhusu sheria, anaumia wakimcheka, anakimbia kuja kusemelea kwa kuwa walichofanya kimemgusa. Usonji huanza kuonekana mapema, katika usemi, katika namna mtoto anavyojibu anapoitwa na anavyotazamana na watu, katika michezo anayoirudia kwa namna ile ile tu. Kuna wasichana wanaojua kuuficha, kwa hivyo mwalimu wake akiona dalili zaidi ya ugomvi, mpeleke kliniki ya watoto au kituo cha EARC kilicho karibu, yaani kituo cha kupima mahitaji ya elimu ya watoto, wampime wanaojua kupima. Usikubali mtoto apewe jina la hali kama hiyo na mtu mnayekula naye lanchi.

Turudi juu kunakoanikwa nguo, maana hapo ndipo penye jibu kubwa. Mwaka wa 1932 Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alichapisha alichojifunza kwa kukaa na watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi, hizi tunazoziita bano. Alikuwa anawauliza sheria za mchezo zimetoka wapi, na kama zinaweza kubadilishwa. Wadogo walimwambia sheria zimewekwa na wakubwa, hazibadiliki kamwe. Halafu ukiwatazama, kila mmoja anacheza anavyojua na wote wanadai wameshinda. Wale wa miaka kumi na kuendelea walikuwa wameshagundua kwamba sheria ni mapatano yao wenyewe, na kwamba mkikubaliana wote mnaweza kuzigeuza. Hakuna mzazi aliyewafundisha hilo. Walilipata kwa kubishana, mchezo ukivunjika na kuanza upya mara nyingi.

Binti yako yuko katikati ya safari hiyo. Anajua kwamba mchezo una sheria, ndiyo maana hakukataa mchezo wote, alitunga tu kifungu cha bega. (Kwa mtoto wa Gredi ya Pili ni uwakili mzuri sana.) Asichojua bado ni kwamba mwenye mpira si mwenye sheria. Na yule msichana mkubwa alimpa somo hilo bure, kwa upole, mbele ya wenzake: toka, utaingia raundi ijayo. Sikiliza ile ahadi ya mwisho. Hakumfukuza, alimwonyesha jinsi mtu anavyotoka mchezoni na kurudi bila kuaibika. Mimi nimefundisha chekechea na madarasa ya chini kwa miaka mingi, na nakuambia kwamba mtu mzima hawezi kulisema neno hilo likaingia kama linavyoingia likisemwa na mtoto wa miaka tisa au kumi. Wewe ukapanda ukawakemea, kisha ukaenda kumshtaki kwa mamake. Watoto wakaelewa kwamba kucheza na huyu kunaleta kesi, wakajiepusha. Nao wana akili.

Kwa hivyo rudi kwa yule mama. Nenda peke yako, jioni, mwambie ulikuja siku ile na hasira ya mzazi na kwamba bintiye hakukosa. Kisha mpira ule uwe unapanda juu hata siku ambayo wako hayuko, wachezee. Mwanzoni atalia, atasema ni wake. Ni wake, na juu hautafaa kitu asipokuwa na wa kumrushia. Naye akipanda, wewe baki ndani. Akishuka analia, msikilize, mpanguse, muulize walikuwa wanacheza nini na ilikuwaje, halafu muulize atafanya nini akirudi. Usipande. Isipokuwa ni damu, au mmoja anapigwa na kundi, au kuna ukingo usio na ukuta huko juu. Hayo ni ya watu wazima. Ukuta wa ukingo ukaukague leo kabla ya mengine yote, nimeona paa za fleti za Eastlands zinavyoachwa.

Ila sentensi iliyonishughulisha kuliko zote katika barua yako uliiandika kwa kupita tu: akiita "Auntie, maji," maji yanafika.

Ulidhani nyumbani hagombani na mtu kwa sababu nyumbani ana amani. Hagombani kwa sababu nyumbani kuna mtu mzima anayelipwa asimkatalie. Hapo ndipo anapojifunzia watu wana kazi gani. Kisha anapanda orofa mbili, anawakuta watoto wasiolipwa na mtu, anawatolea amri ile ile, wanacheka, naye anashangaa kwa dhati. Mtoto husoma jinsi wewe na babake mnavyozungumza na yule dada: kama mnamsalimia asubuhi au mnaanza na "umeosha sare?", kama anakula nanyi au jikoni, kama akiumwa anapumzika. Rekebisheni hapo kwanza. Maji ajichotee mwenyewe, akitaka msaada aombe na ashukuru, na dada umpe ruhusa mbele ya mtoto ya kusema "subiri" na hata "hapana". Bila ruhusa hiyo kutoka kwako hatathubutu.

Halafu mpe kazi. Sisemi ile ya kupamba, ya "njoo umsaidie mama" siku una wageni. Mpe kazi ambayo asipoifanya nyumba inaiona. Ndengu za jioni achambue yeye. Viatu vya mdogo wake avitafute na kumvalisha asubuhi, na wakichelewa kwa sababu ya viatu, muchelewe. Mboga aagizwe kwa mama mboga aliye ndani ya lango au karibu na bawabu, na chenji ahesabu. Sahani ya chapati apeleke kwa jirani, abishe, asalimu, aseme ametumwa na nani, arudi na jibu.

Wengine huona haya ni mambo ya kizamani. Mtafiti Carol Ember aliwachunguza wavulana wa Kiluo karibu na Oyugis, akachapisha matokeo mwaka wa 1973. Huko kazi za kulea watoto na za jikoni zilikuwa za wasichana, lakini kwenye boma ambalo halikuwa na msichana wa umri ufaao, mvulana alizifanya. Wavulana waliofanya kazi za ndani ya nyumba walikuwa wapole zaidi na wepesi zaidi kusaidia kuliko wenzao, hata wakati ambao hawakuwa kazini. Watafiti wengine, Beatrice na John Whiting, waliongoza kazi ya kulinganisha watoto wa jamii sita, mojawapo ikiwa kijiji cha Kisii na nyingine mji mdogo wa Marekani. Watoto wa Kisii waliokabidhiwa wadogo zao na kazi za boma walijitokeza kwa kuwajali wengine; wale wa Marekani, waliokuwa na kazi chache, walitafuta zaidi kutazamwa na kusifiwa. Ukimkabidhi mtoto mwenye miaka saba mdogo asiyejua kusema anachotaka, lazima akisie: ana njaa, ana usingizi, au kuna kitu kinamchoma. Kukisia huko ndiko kunakokosekana pale kwenye kati.

Usinielewe vibaya ukamgeuza yaya. Mtoto anayekosa shule ili alee wadogo anadhulumiwa, na wengi wetu tunawajua. Nusu saa kwa siku inatosha.

Umeniuliza kama umewaharibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Thomas Weisner alizilinganisha familia za Kiluhya zilizokuwa Kisa, huko huko Kakamega kwenu, na nyingine zilizofanana nazo zilizokuwa zimekuja kukaa Kariobangi hapa Nairobi. Watu wa jamii moja, mila moja. Watoto wa Kariobangi walionekana kugombana na kusumbua zaidi, na kumganda mama zaidi. Mama hawakuwa wamebadilika tabia kwa kupanda basi. Kilichobadilika ni nyumba: chumba kidogo, hakuna shamba wala ng'ombe wa kumkabidhi mtoto, binamu wakubwa wa kumtuliza wamebaki nyumbani, na mama amekuwa ndiye mtu pekee wa kukimbiliwa kwa kila jambo. Soma hayo kisha uitazame fleti yako ya orofa ya nne.

Kwa hivyo mama mkwe wako amesema kweli, ingawa hakupaswa kuisema mbele ya mtoto. Boma lake lina vitu ambavyo fleti haina: watoto wa kila umri, kazi zisizoisha, na watu wazima walio na shughuli zao kiasi kwamba hawana muda wa kesi ndogo ndogo. Ila dawa yake ndiyo siikubali. Binti yako anamjua nyanya yake kwa majuma machache ya Desemba. Akipelekwa sasa, baada ya maneno yale ya siku ya tatu, na mdogo wake akibaki Nairobi na wewe na baba, atajieleza mwenyewe sababu, nayo itakuwa kwamba amefukuzwa kwa kuwa mbaya na nafasi yake ikachukuliwa. Nimewafundisha watoto waliolelewa na nyanya zao wakawa watoto thabiti kabisa. Lakini hao walikuwa wamezoea boma lile tangu wakiwa wadogo, au waliandamana na ndugu zao. Hawakupelekwa kama hukumu.

Likizo za Aprili na Agosti ziko. Wapelekeni wote wawili, wewe ulale siku mbili, kisha urudi kazini. Hilo la kurudi ndilo muhimu, kwa sababu ukiwepo atakuja kusemelea kwako na safari itakuwa ya bure. Kabla hajaenda, afundishwe na babake kumsalimia nyanya kwa Kiluhya, "Mulembe, kukhu", bila kusukumwa, na mfanye mazoezi ya sahani moja hapo Umoja. Jumapili wekeni ugali katikati, mle watano, na dada akiwemo. Kila mtu anakula upande wake, hachimbi mboga ya mwenzake, na kipande cha mwisho cha nyama kinaachiwa mdogo au kinagawanywa. Usihubiri. Akinyoosha mkono upande wa babake, babake amwangalie tu.

Neno la kumkatalia mama mkwe lisitoke kinywani mwako. Ni la mume wako, na alipeleke yeye mwenyewe, akianza na kumwambia mamake kwamba alichokiona ni kweli na kwamba wajukuu wanakuja Aprili. Naye unaweza kumuuliza swali moja mkiwa wawili: alipolelewa hapo walikuwa watoto wangapi, na yeye alikuwa anafanya kazi gani? Nadhani akijibu atajua kwamba alichopewa na boma lile anaweza kumpa mtoto wake sehemu yake hapa, akifika nyumbani kabla watoto hawajalala.

Shuleni usiombe awekwe kiongozi wa kikundi kwa sababu anajua. Mwombe mwalimu ampe kazi ya kugawa karatasi na kukusanya majibu ya wenzake, ili kikundi kisiweze kumaliza bila kuwasikiliza wote. Na ukipata nafasi Jumamosi, mpeleke maktaba ya Kaloleni, kando ya Barabara ya Jogoo. Huko atakuta watoto ambao hawaijui kesi ya mpira.

Sheng mwachie. Lugha hiyo ilizaliwa mitaa hii hii ya Eastlands, na juu ya paa ndiyo pasi ya kuingilia. Akiwajia wenzake na Kiingereza cha darasani wanamwona mwalimu, na hakuna anayetaka kucheza kati na mwalimu. Watoto hujua upesi nani wa kuzungumza naye namna gani. Wewe dai Kiswahili safi mezani na kwa wakubwa, Kiluhya kwa nyanya, Kiingereza afanye kazi za shule. Akichanganya mbele ya mchungaji, mrekebishe, asikie, yaishe.

Huyo mdogo hana neno. Mwaka huo huo wa 1932, Mildred Parten wa Marekani alieleza jinsi watoto wa kati ya miaka miwili na mitano wanavyocheza, na huko kukaa kando ya wenzake kila mmoja na vitu vyake ni hatua ya kawaida kabisa kwa umri wake. Anawatazama na kuiga. Mkalishe karibu na watoto, umpe vifuniko vya chupa na sufuria kuukuu, uendelee na shughuli zako.